Baada ya zamu, sehemu ya 14: Tulikula maturubai tukidhani tunakula faida

Najua wengi mlikuwa mnasubiri niendelee na ile mada ya mtoto kukataa uji. Nitairudia wiki ijayo, nimeahidi. Leo naomba mnivumilie niongee hela.

Sababu ni ujumbe niliotumiwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi saba. Rafiki yake ana biashara ya juisi ya miwa: mashine ya kukamua, friji na kibanda. Anamwambia atoe 1,500,000 awe mwenye robo ya biashara. Amemtumia picha ya hesabu za mwaka mzima, faida 1,800,000. Ananiuliza, "Nesi, wewe una kikundi, hebu niangalizie. Hii ndiyo akiba yangu yote. Nitoe?"

Nikaisoma ile hesabu mara mbili. Mapato yapo, miwa ipo, umeme upo, posho ya kijana anayekamua ipo, hata malimao na tangawizi vimeandikwa. Mashine yenyewe haipo popote. Yaani mashine inakamua miwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima, na kwenye hesabu haijachoka hata kidogo.

Nilishtuka kwa sababu hesabu ya namna hiyo niliwahi kuiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kaunta buku la kikundi. Na kuna mtu niliyemuumiza.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa wamama kumi, wengine manesi wenzangu, wengine majirani. Kila mmoja akatoa 560,000, ikawa 5,600,000. Tukanunua maturubai manne na vyuma vyake kwa 700,000 kila moja, na viti vya plastiki 200 kwa 13,000 kimoja. Zikabaki 200,000, zikaishia kwenye gari la kubeba mzigo toka Kariakoo na kwa fundi wa kuchomelea vyuma vilivyofika vimepinda. Mimi nikachaguliwa mweka hazina, eti kwa sababu nesi anajua kujaza chati.

Mtaani kwetu shughuli hazikosi. Leo ubarikio, kesho msiba, keshokutwa harusi. Mwaka wa kwanza tukaingiza 3,900,000. Tukalipa vibarua wa kufunga na kufungua, usafiri, kodi ya stoo na sabuni ya kuoshea viti, jumla 1,500,000. Ikabaki 2,400,000. Tukagawana 240,000 kila mmoja, tukapika pilau. Mwaka wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo (kulikuwa na kupanda na kushuka kidogo, ila nimezungusha namba zisitusumbue).

Mwisho wa mwaka wa pili mwenzetu mmoja alipata uhamisho wa kwenda mkoani, akaomba kutoka. Tukatafuta wa kukaa nafasi yake. Akaja binti mmoja, nitamwita Mama Doto, si jina lake. Hela aliyokuja nayo aliiweka pole pole tangu akiwa mjamzito. Akatoa 560,000, tukampa anayehama 560,000 zake. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini, nikajiona nimetenda haki kabisa. Huyu katoa kile alichotoa mwenzake, yule kachukua kile alichoweka.

Mwaka wa nne masika yakaja. Kama hujawahi kumiliki turubai nikwambie, turubai linauawa na jua, mvua inakuja kumalizia tu. Miaka mitatu ya jua kitambaa kinakuwa kikavu, ukikikunja kinatoa sauti kama karatasi. Siku hiyo maji yakatuama juu, kukawa na tumbo kubwa kama la mama wa wiki arobaini, halafu pwaa, yote yakamwagikia meza ya keki. Tulirudisha hela ya watu. Wiki mbili baadaye la pili likapasuka. Viti navyo, miguu inaachia, mzee mzima anakaa anajikuta chini. Mwaka ule tuligawana 90,000 tu. Mwisho wake tukauza vyuma na viti vilivyobaki kwa 400,000, ikawa 40,000 kila mmoja, na kwenye kikundi hatukuwa na hela ya kununua hata turubai moja.

Sasa piga hesabu ya Mama Doto. Aliweka 560,000. Alipata 240,000 mwaka wa tatu, 90,000 mwaka wa nne, na 40,000 za vyuma. Jumla 370,000. Amepoteza 190,000. Yule aliyehama aliweka 560,000, akachukua 240,000 mara mbili, na 560,000 zake akarudishiwa zote. Amepata 480,000 juu. Mimi niliyekaa mwanzo mpaka mwisho nimepata 290,000 juu. Viti ni vilevile, mvua ni ileile.

Mama Doto hakulalamika. Alisema "ndiyo biashara, dada." Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilihisi si biashara, kuna mahali nimekosea, ila sikuwa najua ni wapi.

Nilikuja kujua mwezi wa sita, wakati ule ambapo mwaka wa serikali unafungwa na wahasibu wanapita wodini kuhesabu mali. Umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ukaona namba zimeandikwa kwa rangi ubavuni, kwenye kitanda, kwenye mizani, kwenye kabati la dawa? Zile ndizo namba za mali. Kila kitu chenye namba kina mstari wake kwenye rejista: kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kitatumika miaka mingapi. Mhasibu akafika kwenye mizani ya kupimia watoto, akasoma namba, akasema, "Hii kwenye vitabu imeshafika sifuri." Nikamwambia, "Sifuri vipi, asubuhi hii imepima watoto wengi tu." Akacheka. Nikamkalisha, nikamletea chai, nikamfungulia kaunta buku la kikundi. Akalitazama kama dakika mbili hivi, halafu akaniuliza, "Uchakavu uko wapi?"

Nitawaeleza kama nilivyomwelewa, kwa maneno yetu.

Kuna vitu unanunua uuze, na kuna vitu unanunua uvitumie vikuletee hela kwa muda mrefu, zaidi ya mwaka mmoja. Hivyo vya pili ndivyo mali za kudumu. Si aina ya kitu, ni kazi yake. Kiti kile cha plastiki, kikiwa dukani Kariakoo, ni bidhaa. Kikija stoo kwetu ni mali ya kudumu. Bajaji kwa muuzaji ni bidhaa, kwa dereva ni mali ya kudumu. Kwenye taarifa za fedha za kampuni utakuta mstari unaoitwa mali, mitambo na vifaa, uko kwenye mizania, ule ukurasa unaoonesha kampuni ina nini na inadaiwa nini. Majengo, magari, mashine, minara ya simu, tanuru la saruji, vyote vimo humo. Na bei yake si bei ya dukani peke yake, inaingia na gharama ya kukifikisha na kukifunga mpaka kianze kazi. Ndiyo maana ile 200,000 ya gari na fundi wa kuchomelea ilikuwa sehemu ya bei ya maturubai yetu.

Hapo sikuwa nimekosea. Nilikosea hapa. Siku tuliponunua, hela ya kikundi haikupotea, iligeuka kuwa maturubai. Lakini kila shughuli tuliyofunga, kipande kidogo cha turubai kilikuwa kinaondoka. Hukioni. Hakuna mtu anayekuletea risiti kwamba leo jua limekula 3,500 ya turubai lako. Uchakavu ni njia ya kuiandika ile gharama isiyokuja na risiti. Unachukua bei ya kitu, unatoa utakachookota mwishoni, unagawa kwa miaka kitakayotumika. Yetu: 5,600,000 toa 400,000 ya mabaki, inabaki 5,200,000, gawa kwa miaka 4. Ni 1,300,000 kila mwaka.

Sasa rudi kwenye 2,400,000 tuliyopikia pilau. Toa 1,300,000. Faida ya kweli ilikuwa 1,100,000, yaani 110,000 kila mmoja. Zile 130,000 nyingine kwenye bahasha ya kila mama zilikuwa mtaji wake mwenyewe unamrudia kidogo kidogo, na yeye anaula akidhani ni faida. Tulikuwa tunakula maturubai, mama zangu.

Na mwisho wa mwaka wa pili, mali yetu kwenye vitabu haikuwa tena 5,600,000. Ilishachakaa mara mbili, 2,600,000, ilibaki 3,000,000. Nafasi moja kati ya kumi ilikuwa 300,000. Hiyo ndiyo bei ambayo Mama Doto alipaswa kulipa, na hiyo ndiyo ambayo anayehama alipaswa kupokea. Nilimwuzia kitu cha miaka miwili kwa bei ya kipya, tena kwa mwandiko mzuri. 260,000 zilitoka kwenye mkoba wa mama wa mapacha zikaenda kwa mtu ambaye hakuzistahili, na aliyezipitisha ni mimi.

Mhasibu aliponiona nimenyamaza akasema kitu kilichonifariji kidogo. Akasema hata makampuni makubwa huko duniani yamefanya hivyo, tena kwa makusudi.

Nikaenda kusoma. Marekani kuna kampuni ya kuzoa taka inaitwa Waste Management. Mali yake kubwa ni nini? Malori ya taka, makontena, madampo. Miaka ya 1992 mpaka 1997 wakubwa wake walikuwa wanataka faida ionekane inapanda, na biashara haipandi kiasi hicho. Wakafanya nini? Hawakuiba hela kwenye droo. Waliandika tu kwamba malori yatatumika miaka mingi zaidi, na kwamba mwisho wake yatauzwa kwa bei nzuri zaidi. Basi. Ukiongeza miaka, uchakavu wa kila mwaka unapungua. Ukiongeza mabaki, unapungua tena. Gharama ikipungua kwenye karatasi, faida inapanda kwenye karatasi, na lori liko palepale linazidi kuoza. Mwaka 1998 kampuni ilikuja kukiri kwamba faida ya miaka ile ilizidishwa kwa dola bilioni 1.7. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya kule ikawafungulia kesi mwaka 2002. Wenye hisa walikuwa wameshaumia.

Jaribu kwetu uone ilivyo rahisi. Ningesema maturubai yatadumu miaka 8 badala ya 4, na mabaki ni 800,000 badala ya 400,000, uchakavu ungekuwa 600,000 tu kwa mwaka, na faida ingeruka kutoka 1,100,000 hadi 1,800,000. Sijaongeza mteja hata mmoja. Nimebadilisha makadirio mawili tu. Ndiyo maana ukipewa taarifa ya kampuni usiishie kwenye ukurasa wenye picha za mwenyekiti akitabasamu. Nenda nyuma, kwenye maelezo ya hesabu. Kampuni inayofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, na Tanzania tunavifuata tangu 2004, lazima ieleze inachakaza majengo kwa miaka mingapi, mitambo mingapi, magari mingapi, na kama imebadilisha mwaka huu. Ikibadilisha, jiulize kwa nini. Inawezekana kuna sababu nzuri, mitambo mipya inadumu kweli. Ila uliza.

Kuna mchezo wa pili, nao una kampuni yake: WorldCom, ya simu, hukohuko Marekani. Hawa walichukua gharama za kawaida za kila siku, hela walizokuwa wanalipa kupitisha simu kwenye laini za makampuni mengine, wakaziandika kama mali ya kudumu. Badala ya gharama yote kukata faida ya mwaka huo, ikawa inakatwa kidogo kidogo kwa miaka. Aliyewagundua ni mwanamke, Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani, yeye na timu yake, wakifanya kazi usiku ili wasishtukiwe. Juni 2002 kampuni ikatangaza dola bilioni 3.8 ziliandikwa pasipo pake, Julai ikafilisika, na bosi mkuu baadaye akahukumiwa miaka 25. Kwetu ingekuwa sawa na mimi kuandika sabuni ya kuoshea viti kama "mali". Sabuni ikishaoshea imekwisha, iandike imekwisha. Kushona turubai lililochanika ni matengenezo, ni gharama ya mwaka huo. Kununua vyuma vipya ili turubai liwe kubwa mara mbili, hapo umeongeza mali.

Mtaniuliza ardhi je. Ardhi haichakazwi. Kiwanja hakizeeki, ndiyo maana kwenye rejista utakuta nyumba ina uchakavu na kiwanja kilicho chini yake hakina. Isipokuwa kama ardhi yenyewe ndiyo inayochimbwa, machimbo ya kokoto kwa mfano, hiyo inaisha.

TRA nao wana viwango vyao vya uchakavu kwa ajili ya kodi, na watu wanavichanganya na vya kwenye vitabu. Kompyuta na magari madogo wanayapa 37.5 kwa mia kila mwaka, ya kile kilichobaki. Gari la 10,000,000 mwaka wa kwanza linakatwa 3,750,000, linabaki 6,250,000. Mwaka wa pili unakata 37.5 kwa mia ya hiyo 6,250,000, ni 2,343,750. Linazidi kupungua ila mkato unakuwa mdogo mdogo. Njia hii inafanana na maisha ya gari, hasara kubwa iko mwanzoni. Sisi tuligawa sawasawa kwa sababu kikundi kinahitaji hesabu ambayo kila mama anaweza kuifuata bila kikokotoo. Kampuni inaweza kutumia njia moja kwenye vitabu vyake na bado ikafuata viwango vya TRA kwenye kodi, si udanganyifu.

Sasa ile mizani yangu ya sifuri. Nataka mwielewe, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopotea. Namba ya kwenye vitabu si bei ya sokoni na si uzima wa kitu. Mizani ilikadiriwa miaka yake, miaka ikaisha, kwenye vitabu imekwisha, na watoto bado inawapima vizuri. Kinyume chake nimeshakiona pia. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kulikuwa na mashine imefunikwa shuka pembeni, haijawaka tangu siku ya tatu ilipoletwa, kipuri hakipatikani. Kwenye rejista ilikuwa bado mali ya mamilioni. Kitu kikifa kabla ya wakati wake, wahasibu wanatakiwa kushusha thamani yake mara moja, wasingoje miaka iishe. Wasiposhusha, unasoma utajiri wa shuka.

Kwenye kampuni hutaweza kwenda kufunua mashuka. Ila kuna kitu unaweza kufanya ukiwa sebuleni. Kwenye maelezo ya hesabu kuna namba mbili zinakaa jirani: bei mali zilivyonunuliwa, na uchakavu uliolimbikizwa tangu mwanzo. Linganisha. Sisi mwisho wa mwaka wa pili tulikuwa 2,600,000 kwa 5,600,000, karibu nusu. Mwisho wa wa tatu, 3,900,000 kwa 5,600,000, karibu asilimia 70. Ningekuwa nimeiandika hiyo asilimia 70 ukutani, tusingepika pilau ile. Ukiona kampuni mitambo yake imeshachakaa asilimia 80 na inagawa gawio nono, uliza hela ya mitambo mipya itatoka wapi.

Jibu utalitafuta kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Kule utaona kitu cha ajabu, uchakavu unajumlishwa kurudi juu ya faida. Usidhani wamekosea. Ni kwa sababu mwaka huu hakuna hela iliyotoka mfukoni kwa ajili ya uchakavu, ilitoka siku ya kununua. Hapo baadhi ya watu wanasema, "Aaa, kumbe uchakavu ni namba tu." Si namba tu. Shuka chini kidogo uone kampuni imenunua mitambo mipya ya kiasi gani. Uchakavu bilioni 10 na mitambo mipya bilioni 2, mwaka baada ya mwaka, hao wanakula maturubai kama sisi. Na kwa makampuni ya simu au saruji mstari huu ni mkubwa kuliko kwa mwenye duka la jumla, kwa sababu utajiri wao uko kwenye minara na mitambo. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa umma, Sh 850 kwa hisa, wengi wetu tulishika taarifa ya kampuni kwa mara ya kwanza, tukaangalia faida tu. Nami nimo kwenye hao.

Halafu kuna hii faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Makampuni wanaipenda, na wauza biashara mtaani wanaipenda zaidi bila kuijua jina. Ina kazi yake kwa wachambuzi. Lakini ile 2,400,000 yetu ilikuwa ndiyo hiyohiyo.

Jambo la mwisho ambalo mhasibu alinisisitizia akiwa amesimama mlangoni: kuandika uchakavu hakuweki hela kwenye kopo. Unaweza kuandika 1,300,000 vizuri kila mwaka na bado ukafika mwaka wa nne huna kitu, kama hela yenyewe mmeitumia kwingine. Kuandika kunakuzuia kuigawa, kuitenga ni kazi nyingine. Tena bei hazikai pale ulipoziacha. Tulipokwenda kuulizia turubai lile la 700,000, tuliambiwa 950,000.

Kwa hiyo tulifanyaje? Niliitisha kikao, nikasoma hesabu zote mbele ya Mama Doto. Nilimpigia pia yule aliyehama. Alicheka kwanza, halafu akasema, "Hesabu mlipiga wenyewe, dada, mimi nilipokea nilichopewa." Sikuwa na la kumjibu. Tulianza upya na michango mipya, na kikao kikakubali mchango wa Mama Doto upunguzwe 260,000. Wawili hawakukubali, wakatoka, mmoja mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa mbali. Sasa kaunta buku lina safu moja zaidi, na kila shughuli ikilipwa, fungu la uchakavu linaenda kwenye akaunti ambayo kuitoa kunataka sahihi tatu. Gawio ni dogo. Pilau hakuna, tunakunywa chai.

Mama mwenye akiba ya 1,500,000, sikukwambia usitoe, na hapa pia sikwambii. Nilikwambia umwulize rafiki yako mambo matatu: mashine, friji na kibanda vilinunuliwa kwa jumla ya shilingi ngapi, lini, na fundi anasema vitadumu miaka mingapi. Ulinijibu jana: 6,000,000, miaka miwili iliyopita, fundi anasema minne ukibahatika. Basi chukua mabaki ni sifuri, uchakavu ni 1,500,000 kwa mwaka. Faida ile ya 1,800,000 inabaki 300,000, na robo yako ni 75,000, si 450,000. Na vifaa vyenyewe leo kwenye vitabu ni 3,000,000, robo yake 750,000. Yeye anakuuzia kwa 1,500,000. Inawezekana anauza na wateja, na eneo zuri pale stendi, hivyo navyo vina bei yake, mkae mkubaliane. Umesema ukimwuliza hayo amenuna. Mpe siku mbili, mpelekee hesabu hii kwa upole, mwambie na yeye inamhusu, maana mashine ikifa mwaka wa nne itafia mikononi mwake.

Wengine wenye maswali wekeni hapo chini. Niko zamu ya usiku, nitajibu asubuhi nikishakabidhi wodi. Na picha za daftari mkituma, tafadhali fichieni majina ya watu.